Ghislain Anaficha Nini Kichakani?

Jumatatu, 14 Novemba 1994. Kikula.

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha. Udongo unanukia, ndege wanapiga kelele kama wako sokoni. Nimekwenda kutembea. Tangu basi la wafanyakazi lilipofia karakanani, na kiwanda kikatuambia tukasubiri nyumbani, mimi ni mtu wa kutembea. Wenzangu wanakaa mlangoni wanalalamika. Mimi nazijua njia zote za miguu zinazotoka mtaa wetu wa Kikula, zikapita porini hadi kule njia panda, wanakofikia wauza samaki wa ziwa Tshangalele na baiskeli zao. Hata majina nimezipa. Ile nzuri inayofuata mto ni Bulivari. Ile inayokata kwenye matope ni Njia ya Wapumbavu. Hakuna mtu mwingine anayetumia majina haya. Wivu.

Leo kwenye Bulivari, tukio! Ghislain, jirani yetu, yule fundi wa baiskeli, alikuwa mbele yangu. Anatembea vizuri, anapiga mluzi. Tumekaribia kichuguu kikubwa. Mara mluzi kimya. Akatazama mbele. Akaruka kichakani! Mtu mzima, shati safi, kwenye majani yenye maji! Baadaye kidogo akatoka, akajipangusa, akaendelea na mluzi wake kana kwamba hakuna lililotokea.

Miaka yote nilikuwa pointeri kwenye geti la kiwanda. Kazi yangu ilikuwa kujua nani anaingia, nani anatoka, na ana nini chini ya shati. Siwezi kudanganywa na fundi baiskeli. Kuna kitu pale, na nakijua: bowa. Ule uyoga mkubwa wa kichuguuni, ambao mmoja tu unashibisha nyumba. Ghislain amepata mahali pake na hataki kusema.

Adrienne, mke wangu, alikuwa anarudi na beseni lake la samaki kwa njia hiyohiyo. Nikamuuliza kama amemwona Ghislain. Akasema hakuona mtu. Akacheka peke yake. Nimeandika hilo pia.

Jioni akanipa habari kubwa. Jumamosi kuna watu watakuja kuzungumza juu ya Numbi, binti yetu. Jina la kijana nitalisikia kinywani mwa mshenga, ndivyo inavyofanyika: mama hujua, baba huambiwa. Adrienne ameniomba mambo machache. Niwe nyumbani. Nivae shati jeupe. Nisigombane na mtu yeyote hadi siku hiyo. Nimesema mimi sigombani, mimi nauliza maswali.

Numbi alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka. Amesema tu: "Papa, hii ya sasa usiniharibishie."

Eti niliharibu posa zile mbili za kwanza. Yule wa kwanza aliuliza choo kiko wapi, nami nikataka kujua anapima nyumba yangu kwa faida ya nani. Wa pili alisifu mlango wetu. Nani anasifu mlango? Mwizi.

Jumanne, 15 Novemba.

Nimemfuata tena. Kwa mbali, kofia imefunika uso, nimeshika fimbo kama mtu anayetafuta mbuzi. Mahali ni palepale. Mluzi, kimya, kichaka! Safari hii amekaa zaidi, kwa sababu Adrienne alikuwa amesimama njiani anafunga upya kitenge chake. Kwa bahati mbaya Adrienne akaniona mimi. Akaita kwa sauti kubwa: "Baba Numbi! Ile mbuzi unatafuta njo ya nani?" Hatuna mbuzi. Ghislain lazima amesikia.

Alipotoka kichakani alinisalimu kwa heshima nyingi. Ameinama, mikono miwili. Ameniita Papa. Zamani alikuwa ananiita Vieux, yaani Mzee, Barthélemy kama watu wote. Tangu lini mimi ni papa yake? Mtu akikupandisha cheo ghafla, shika mifuko yako.

Jumatano, 16 Novemba.

Nimekwenda mapema, kabla yake, nikaingia kwenye kichaka chenyewe. Nimepekua kama tulivyokuwa tunapekua wakati wa zamu. Nimeinua majani. Nimeangalia nyuma ya kichuguu. Nimepata maganda ya matunda ya masuku na alama za viatu vya Ghislain, na pale alipochuchumaa nyasi zimelala. Uyoga hakuna. Hata kitako cha uyoga!

Nikasema labda ameuzika. Nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kwa mikono.

Siafu.

Sitaandika yote. Walipanda kwa miguu yote miwili na walijua wanakokwenda. Nilitoka mbio hadi katikati ya Bulivari, nikavua suruali, nikawa naipiga chini. Ndipo wakapita mamaji, wale kina mama wa kwaya, wanatoka kuchuma mboga, wote. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo baya zaidi. Wamesema bonjour mmoja mmoja, macho juu kwenye miti. Mama Alphonsine, anayeongoza sauti ya kwanza, amesema ataniombea.

Swali langu: mamaji hawa walijuaje saa ya kupita? Nani amewatuma?

Adrienne amenipaka mafuta. Alikuwa anatetemeka kwa kicheko hadi chupa ikaanguka. Numbi hakucheka. Ameuliza kama Jumamosi nitaweza kukaa kwenye kiti.

Alhamisi, 17 Novemba.

Jambo limegeuka. Mkono wangu ni mzito kuandika.

Leo Adrienne aliumwa mguu, hakwenda kuchukua samaki. Mimi nilikwenda kukaa juu ya mti wa msuku, karibu na kichuguu. Ghislain akaja na mluzi wake. Akafika kichuguuni. Akapita! Moja kwa moja! Hakutazama kichaka hata kidogo. Nilishangaa hadi nikateleza, nikabaki nimening'inia kwa mkanda.

Basi si bowa. Uyoga haungoji mguu wa mke wangu upone. Ghislain anaingia kichakani siku ambazo Adrienne anapita. Asipopita, haingii.

Nimekaa chini ya ule mti muda mrefu. Adrienne! Mwanamke tuliyezeeka naye! Lakini fikiri vizuri, Barthélemy. Kama ni mambo hayo, kwa nini anamkimbia? Nimepata jibu nikiwa njiani kurudi: mwanaume anayejificha asionane na mwanamke mbele ya watu, huyo anaonana naye pasipo watu. Getini ilikuwa hivyohivyo. Wale waliokwepa macho yangu ndio waliokuwa wamebeba.

Nimemuuliza Adrienne bila kuzunguka. Ghislain anakukimbia kwa nini?

Hakukasirika. Ameweka mguu wake juu ya kiti, amenitazama. Amesema kwa hiyo nimesahau kabisa mwaka ule wa Kakanda, kwao, nilivyokuwa nikimwona mama yake anakuja, naruka mtaroni, hata siku moja nikaanguka juu ya nguruwe wa mtu. Nikamwambia asibadilishe mazungumzo. Ni kweli niliruka. Niliruka kwa sababu nilikuwa namtaka binti yake, na mtu huwezi kukutana uso kwa uso na mama mkwe njiani. Hiyo ilikuwa heshima. Kuna uhusiano gani na Ghislain?

Adrienne amefunika uso kwa kitenge. Mabega yanacheza. Sijui kama alikuwa analia au vipi.

Halafu akaacha. Akawa mtu mwingine. Akasema polepole: mushahara hakuna, basi la kazini hakuna, masomo ya Numbi yamekatikia katikati, nusu ya marafiki zake wameondoka mji huu na hawajulikani waliko. Mtoto ana kitu kimoja tu mbele yake, ni hiyo Jumamosi. "Minye nakuomba, Baba Numbi. Siku moja tu. Ukuwe kimya."

Nampenda Numbi kuliko macho yangu. Kwa ajili yake lazima jambo hili limalizike kabla ya Jumamosi. Siwezi kuwapokea wakwe wa watu wakati ndani ya nyumba kuna moshi.

Ijumaa, 18 Novemba.

Mpango umekamilika. Ni mzuri hadi naona uchungu kwamba siwezi kumwonyesha mtu.

Kila mtoto huku anajua sheria ya tawi. Penye njia mbili, anayetangulia akiona moja haifai, pengine daraja limekwenda au nyoka ameonekana, anakata tawi bichi na kulilaza juu ya njia hiyo. Wanaokuja nyuma wanaona na kupita nyingine. Hakuna anayebishana na tawi. Hata askari wanaliheshimu, na hao hawaheshimu kitu.

Basi kesho asubuhi nitalaza tawi juu ya Bulivari, moja kila mwisho. Ghislain akienda njia panda, atalazimika kupita Njia ya Wapumbavu. Kule hakuna kichaka. Ni matope matupu na nyasi fupi, uwazi mkubwa. Adrienne naye, akirudi na samaki, atapita hukohuko. Watakutana uso kwa uso, na mimi nitakuwa kwenye kilima naangalia. Tutaona nani atamsalimu nani, na vipi.

Kisha nyumbani, shati jeupe, wageni. Kila kitu kwa wakati wake.

Jumamosi, 19 Novemba. Jioni.

Naandika nikiwa nimechoka sana. Nitapanga mambo yalivyofuatana.

Nimelaza matawi mawili. Makubwa, mabichi, majani ya kutosha. Nimepanda kilima. Adrienne hakuja: kumbe leo hakwenda samaki, alikuwa jikoni tangu alfajiri anasonga bukari, ugali wa wageni. Kosa la kwanza, na si langu, hakuniambia. Halafu nikasikia sauti kwa mbali. Si mtu mmoja. Watu wengi, na mama mmoja anaita majina ya watakatifu. Jua lilikuwa limepanda, nikakumbuka shati. Nikakimbia kwa njia ya juu.

Nimekaa sebuleni na shati langu jeupe. Tumengoja. Bukari imepoa. Numbi alikuwa chumbani, amesukwa vizuri, kila saa anachungulia dirishani. Adrienne amesema labda lori limeharibika, wageni wanatoka Kakanda, watashuka njia panda na kumalizia kwa miguu.

Kwa miguu. Kutoka njia panda! Nimeomba maji ya kunywa.

Walipofika, sikuwatambua kuwa ni wageni. Nilidhani ni watu waliofukuliwa. Mbele mzee mmoja, Papa Mathieu, ndiye mshenga. Amevaa suti ya abakosti ya zamani iliyopigwa pasi, nusu ya juu kijivu, nusu ya chini matope hadi mkanda. Kiatu kimoja. Nyuma yake mashangazi wawili wamebeba viatu vyao kichwani. Na nyuma kabisa, amembeba mgongoni bibi mzee: Ghislain!

Nikasimama. Kumbe! Ameleta kundi, ameleta mashahidi, tena siku ya Numbi!

Wageni wameingia. Yeye hakuingia. Amemshusha bibi mlangoni, halafu Adrienne akatoka jikoni na maji ya kunawa, na Ghislain alipomwona tu, akakimbilia nyuma ya nyumba! Nimemwona kwa dirisha. Amesimama amegeukia ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Papa Mathieu alianza kwa taratibu. Aliomba radhi kwa uchafu. Alieleza kwamba Ghislain aliwaambia njia ya mtoni ni nzuri, lakini yeye mwenyewe aliona tawi, na tawi ni tawi, mtu aliyetangulia alijua analofanya, pengine mvua ilikuwa imechukua daraja. Kwa hiyo wakapita kwenye matope. Kiatu kimebaki huko. Nikasema pole sana. Nikasema duniani kuna watu wabaya.

Halafu akakohoa, akasema wamekuja kwa sababu kijana wao ameona jiko kwenye nyumba hii, na kijana mwenyewe tunamfahamu, ni jirani, ni Ghislain.

Mimi sikumwacha amalize. Nimesema hapana! Adrienne amesema "Baba Numbi" kwa sauti ya chini, lakini maneno yalikwishatoka. Nimesema kabla ya kuzungumza lolote, kijana huyo aeleze mbele ya wote kwa nini kila anapomwona mke wangu njiani anaruka kichakani. Nimesema nina siku, nina saa, nina mahali. Nimesema nimeona kwa macho yangu, tena leo hii yuko nyuma ya nyumba ameficha uso.

Kule chumbani nikasikia Numbi ameanza kulia, kilio kile cha kuziba mdomo, na kwa mara ya kwanza wiki hii niliogopa kweli.

Papa Mathieu alinitazama. Aliwatazama mashangazi. Kisha uso wote wa matope ukafunguka. "Unasema alishaanza? Kabla ya sisi kuleta neno? Ah, Ghislain! Ile njo mutoto mwenye kulelewa!" Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Yule bibi aliyebebwa akasimama bila fimbo, akacheza pale alipo. Wakanipa mkono wote. Wamesema hawajaona baba mkwe anayesimama hadharani kumsifu kijana kwa heshima yake, tena kwa siku na kwa saa. Wamesema vijana wa siku hizi wanakutana na mama mkwe njiani wanamuuliza habari ya mpira.

Nilikaa chini polepole. Nikasema ndiyo. Nikasema nilikuwa nampima.

Numbi ametoka akiwa na macho mekundu, ameinama mbele ya wazee, ameulizwa kama anawafahamu watu hawa. Amesema anawafahamu. Tumekula bukari baridi na samaki, na munkoyo ya kunywa ilikuwa nzuri. Ghislain amepelekewa sahani yake kule ukutani. Nakubali niliona furaha. Nilipomwona Numbi anacheka na mashangazi wale wa matope, nilikwenda nje kidogo kupangusa macho.

Jumapili, 20 Novemba.

Kanisani watu wote wananipongeza. Mama Alphonsine anasema maombi yake yamefanya kazi. Nimesema kumchunguza mkwe ni ufundi, si kila mtu anaujua.

Papa Mathieu, kabla ya kurudi Kakanda, ameuliza tena juu ya tawi. Nimemwahidi uchunguzi. Nashuku mamaji wa kwaya.

Baada ya chakula Numbi alikuja kukaa karibu yangu, kama zamani alipokuwa mdogo. Ameshika mkono wangu. Amesema amefurahi sana, na ana ombi moja tu. Nisimfuate Ghislain tena. Arusi ni baada ya Krismasi, kitu kidogo kinaweza kuivunja, na huyu anampenda kweli. Nimeapa. Nimeinua mkono kabisa. Na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Jumanne, 29 Novemba.

Sikumfuata! Iandikwe vizuri. Nilikuwa natembea tu, kwa afya, kupitia shamba letu la kando ya mto. Sikwenda kumtafuta mtu. Nani yuko ndani ya shamba langu, amevua shati, ana jembe, anachimba? Ghislain. Hakuniomba ruhusa. Hakuniambia. Amekuja mapema, peke yake, wakati watu wamelala. Kila akichimba shimo anatazama huku na huku, anaangusha kitu ndani, halafu anafukia kwa mguu na kukanyaga kidogo!

Nimerudi mbio kwa Adrienne. Hakuacha hata kupepeta unga. Amesema kijana anayeoa analimia wazazi wa mke, kwani mimi sikulimia baba yake huko Kakanda msimu mzima? Nimesema nililima, ndiyo. Lakini mimi mistari yangu ilikuwa imepinda. Huyu mistari yake imenyooka. Mtu asiyetaka kupoteza alama ndiye anayenyoosha mistari hivyo.

Adrienne amesema nikaoge.

Jumatano, 30 Novemba.

Niko shambani. Nimeapa kutomfuata Ghislain, na leo Ghislain yuko njia panda na baiskeli zake, kwa hiyo simfuati mtu. Nina jembe langu.

Nimefukua mstari wa kwanza wote. Mbegu za mahindi, zimeanza kuvimba. Mstari wa pili, mahindi. Wa tatu na wa nne, mahindi tu. Kijana ana subira sana, lazima nikubali. Ametanguliza mahindi mengi ili mtu wa kawaida akate tamaa.

Numbi amefika na chakula changu. Amesimama kwenye kona ya shamba, mikono kichwani. Nimemwambia aweke sahani chini ya mti na anisubiri. Nimebakiza mistari michache.